Chuma Kisichojipanga Safu

Askari aliyepata kushika lindo la usiku huko Lumbadzi, kando ya barabara kuu iendayo kaskazini kutoka Lilongwe, atakuwa ameusikia mvumo utokao juu ya nguzo za umeme. Wengi hudhani kuwa ni sauti ya umeme wenyewe. Sivyo. Ni chuma kilichomo ndani ya transfoma, kinachotikisika kwa nguvu ya sumaku igeukayo huku na huku mara 100 kila sekunde. Kila mgeuko hula umeme kidogo, nao hupotea kuwa joto, hata wakati raia wote wamezima taa na kulala.

Hasara hiyo si jambo la mzaha. Malawi hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mto Shire. Mwezi Januari 2022, tufani Ana ilipoharibu bwawa la Kapichira, nchi ilipoteza takriban megawati 130 kwa pigo moja. Upande wa Dowa, si mbali na Lumbadzi, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Kambi hiyo imehifadhi zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kote sokoni. Mahali kama hapo, taa ya zahanati na friji ya chanjo hutegemea kila chembe ya umeme iliyookolewa.

Je, chuma chaweza kutengenezwa kisile umeme mwingi hivyo? Chaweza, na siri yake aianzaye kuijua ni mhunzi. Mhunzi yeyote, awe Dzaleka au Ujiji, anafahamu kuwa chuma cha pua kikitumbukizwa majini kingali chekundu huwa kigumu kuliko kilichoachwa kipoe polepole. Basi namna ya kupoza hubadili umbo la ndani.

Ndugu wapiganaji wataelewa upesi kwa mfano wa gwaride. Chuma kikiwa kimeyeyuka, atomu zake hutangatanga kama watu sokoni. Kikipoa polepole, hujipanga safu kwa safu, kikosi kwa kikosi. Vikosi hivyo ndivyo fuwele. Lakini amri ya "Simama!" ikitolewa ghafla mno, kila atomu huganda pale ilipokutwa, bila safu. Chuma cha namna hiyo huitwa kioo cha metali, kwa kuwa ndani yake kimefanana na kioo cha dirishani, ingawa hakipitishi mwanga.

Mwaka 1960 Pol Duwez na wenzake, huko California nchini Marekani, walitangaza kioo cha kwanza cha namna hiyo, cha dhahabu na silikoni. Kile chenye asili ya chuma kilifuata katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Kwa kawaida huchukuliwa chuma takriban asilimia 80, kikachanganywa na boroni na silikoni, kikayeyushwa na kumiminwa juu ya gurudumu la shaba lizungukalo kwa kasi. Hupoa kwa kiasi cha nyuzi milioni moja kwa sekunde, kikatoka utepe mwembamba kuliko unywele.

Wataalamu huukagua utepe huo kwa miali ya eksirei. Chuma chenye fuwele hutoa mistari mikali. Kioo hutoa wingu pana lililofifia. Mwaka 1988 wataalamu wa Hitachi Metals, Japani, walitangaza hatua nyingine. Walitia shaba na niobi kidogo, wakaupasha utepe joto kwa kiasi, zikazaliwa fuwele ndogo zenye upana wa takriban nanomita 10. Ajabu ni kwamba fuwele ndogo kiasi hicho haziisumbui sumaku, huilainisha.

Katika fuwele kubwa, mipaka ya vikosi huizuia sumaku kugeuka. Kioo hakina mipaka hiyo, na wembamba wa utepe hupunguza mikondo ya umeme inayozunguka ovyo ndani ya chuma. Kwa hiyo transfoma yenye kiini hicho hupunguza hasara ya kusimama bure kwa takriban asilimia 60 hadi 70. Polisi nao wanamjua ndugu yake: utepe wa chuma na nikeli ulio ndani ya vibandiko vingi vya kukamata wezi madukani. Jeshi la Wanamaji la Marekani nalo lilishiriki kuchunguza rangi ya chuma-kioo inyunyizwayo juu ya pua ili kuzuia kutu.

Kasoro zipo. Utepe uliokwisha kupashwa joto huvunjika kwa urahisi, na kiini chake hakina budi kuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa hubeba sumaku kidogo kuliko chuma cha kawaida. Tena, kikiunguzwa kupita kiasi, safu hurudi na faida hupotea.

Hapo ndipo wajibu wa askari unapoingia. Mwizi anayekinga mafuta ya transfoma huondoa kile kinachoipoza. Joto hupanda, nyaya huungua, na kijiji kizima huingia gizani. Asiyejua kilichomo ndani ataona kopo la bati juu ya nguzo. Anayejua atausikiliza ule mvumo, na siku ukinyamaza, atakwenda kutazama kabla hajaitwa.