Kamati ya Afya na Hesabu Iliyokatwa na Mpaka

Anayetaka kujua kama kamati ya afya ya mji inafanya kazi hana haja ya kuuliza inakutana mara ngapi wala ina wajumbe wangapi. Aulize jambo moja: katika kikao kilichopita ilisomwa hesabu gani? Katika ukanda huu wetu wa mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia gombolola ya Rubongi na mji wa Tororo hadi Malaba na Busia mbili zinazotazamana, kamati hazijawahi kuwa haba. Upande wa Uganda, kila kituo cha afya cha serikali kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wakazi ndani yake. Halmashauri za miji na za magombolola zina kamati zao za kudumu, na tangu 2001 vijiji vimekuwa na timu zao za afya, wale tunaowaita VHT. Upande wa Kenya, mkakati wa afya ya jamii wa 2006 ulileta vitengo vya jamii, kila kimoja kwa watu wapatao 5,000, pamoja na kamati zake. Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti sehemu kubwa ya huduma za afya. Watu wa kukaa kikaoni wapo. Ninachodai ni kwamba kamati huboresha afya pale inaposhika takwimu zinazowahusu wakazi wake na kuwa na mamlaka juu ya kile kinachoonyeshwa na takwimu hizo, na kwamba hapa kwetu mpaka umezikata takwimu hizo vipande viwili.

Ushahidi mzito wa dai hili ulitoka Uganda yenyewe. Mwaka 2004 na 2005 wachumi Martina Björkman na Jakob Svensson walisimamia jaribio katika zahanati 50 za vijijini kwenye wilaya 9. Katika nusu ya zahanati hizo, wakazi waliandaliwa ripoti kwa lugha yao: mgonjwa husubiri muda gani, wahudumu huwapo kazini kiasi gani, na zahanati yao inasimama wapi ikilinganishwa na nyingine. Wakazi walikaa peke yao, wahudumu wakakaa peke yao, kisha pande zote mbili zikakutana na kuandikiana makubaliano ya kazi. Hapakuongezwa dawa wala fedha. Mwaka mmoja baadaye wagonjwa wa nje walikuwa wengi zaidi kwa asilimia 20 kuliko kwenye zahanati za kulinganishia, na vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 33. Linalonigusa zaidi ni jaribio lililofuata, ambapo wakazi wa maeneo mengine waliitwa mikutano ile ile na kupanga mipango ile ile, ila bila ripoti. Huko hakuna kilichobadilika. Watafiti walipopitia mipango iliyoandikwa waliona sababu. Wakazi wasio na hesabu waliomba zaidi mambo yaliyo mikononi mwa wengine, yaani fedha na vifaa kutoka serikalini au kwa mashirika. Wenye hesabu walitaja mambo yanayoweza kurekebishwa hapo hapo: mhudumu anayekosekana, foleni isiyosogea. Yeyote aliyewahi kusoma kumbukumbu za vikao vya kamati atazitambua barua za maombi zilizojaa humo. Mtu asiyejua kinachotokea kwenye kituo chake hana la kufanya ila kuomba.

Kuna pingamizi zito, na halifai kupitwa haraka. Watafiti wengine, Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson, walilijaribu wazo hilo hilo Uganda kwa upana mkubwa zaidi, katika vituo 376 kwenye wilaya 16. Ubora wa matibabu ulipanda kidogo na wagonjwa waliridhika zaidi, lakini idadi ya wanaokwenda kituoni haikuongezeka na vifo vya watoto havikupungua. Je, jaribio la kwanza lilikuwa bahati tu? Sidhani, ingawa nakubali kwamba pingamizi hili linatupasa kupunguza matarajio. Wakati wa jaribio hili kubwa Uganda ilikuwa nchi nyingine: vifo vya watoto wa chini ya miaka 5, vilivyokuwa takriban 150 kwa kila watoto 1,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2000–01, vilikuwa vimeshuka hadi 64 katika ule wa 2016. Wale ambao wangeweza kuokolewa kwa kumfanya mhudumu afike kazini tu walikuwa wamepungua. Sababu ya pili naiona kuwa kubwa zaidi. Mkazi wa kijiji hamwajiri muuguzi, hamhamishi, wala hagusi mshahara wake. Mambo hayo huamuliwa wilayani na juu zaidi. Hesabu iliyowekwa mikononi mwa asiye na mamlaka humpa uchungu tu. Kwa hiyo swali linalobaki ni hili: ni mambo gani ya afya ambayo kamati ya mji au ya gombolola inayaweza kweli? Jibu linatutoa nje ya lango la zahanati. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo, na gombolola ya vijijini kama Rubongi inabaki na asilimia 65 ya mapato ya ndani inayokusanya. Soko, vyoo vya umma, taka, mitaro, visima na chemchemi viko ndani ya uwezo huo.

Kuhusu maji, Busia ya Kenya ina ushahidi unaosomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, na wenzake walijengea chemchemi za wilaya hiyo, wakazifunika kwa saruji na kuzitolea bomba, kisha wakapima maji. Kwenye chemchemi yenyewe uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66. Nyumbani ulipungua kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu maji safi yalichafuka tena njiani, ndooni na mtungini. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo. Kamati inayopokea ripoti kwamba chemchemi kadhaa zimejengwa imepokea hesabu ya saruji, na hesabu ya afya iko ndani ya mtungi. Ndiyo sababu hatua iliyofuata ilikuwa muhimu. Waliweka tangi dogo la klorini kando ya chemchemi, ili mchotaji azungushe kifundo na kupata kipimo cha ndoo yake, huku mkazi mmoja wa pale akikabidhiwa kulijaza na kuwahimiza wenzake. Klorini ya dukani ilikuwa ikitumiwa na chini ya kaya moja kati ya 10. Penye tangi, maji ya karibu asilimia 60 ya kaya yalikutwa na klorini. Hiki ni kipimo anachokiweza mtu yeyote aliyefunzwa kwa siku moja: tone la kemikali kwenye maji ya kunywa, rangi inabadilika au haibadiliki. Kaya 10 kwa mwezi kwa kila chemchemi zinatosha kuiambia kamati kama tangi ni tupu, kama mhimizaji amechoka, au kama watu wamehamia kisima kingine.

Malaria ya Tororo inafundisha upande mwingine wa jambo hili, yaani kuona mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba mkazi wa Tororo huumwa na mbu wenye vimelea takriban mara 562 kwa mwaka, zaidi ya mara moja kila usiku. Desemba 2014 ilianza kazi ya kupulizia dawa kuta za ndani za nyumba, kwa fedha za Marekani, na ikaendelea mwaka baada ya mwaka. Katika wilaya za Uganda ambako upuliziaji ulidumu, wagonjwa wa malaria vituoni walikuwa wamepungua kwa asilimia 85 kufikia mwaka wa nne na wa tano. Ulikosimamishwa, waliongezeka mara tano ndani ya miezi 10. Kisha, baada ya aina ya dawa kubadilishwa kuelekea 2020, malaria ilirudi Tororo ingawa kuta zilikuwa bado zinapuliziwa na neti zinagawiwa. Nani aliyagundua haya? Ni daftari la kituo cha afya: wagonjwa waliopimwa, waliokutwa na vimelea, umri wao na kijiji wanakotoka, mwezi kwa mwezi. Nambari hizo ziliandikwa hapa na wahudumu wetu, zikachambuliwa na wataalamu, zikachapishwa kwenye majarida ya ng'ambo. Nasema hivi bila kuwalaumu wataalamu, kwa sababu bila wao tusingejua kitu. Lakini gombolola ambayo watoto wake ndio wameandikwa kwenye daftari hilo ilistahili kuona mstari ukipanda katika mwezi wa pili wa kupanda kwake, ikaulize, ikafukie madimbwi yake na kuhimiza neti wakati majibu yanasubiriwa.

Tuje sasa kwenye mpaka wenyewe. Tarehe 24 Februari 2018 marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia. Tangu hapo ofisa wa forodha wa Uganda na mwenzake wa Kenya wanakaa chini ya paa moja na mzigo husimama mara moja. Mgonjwa hakupata kituo cha namna hiyo. Kenya ilianza kutumia mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 nchini kote mwaka 2011, Uganda ikafuata 2012. Programu ni ile ile, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Ila kila nchi ina hifadhi yake, na wilaya ya Tororo au ya Busia upande wa Uganda haioni hifadhi ya kaunti ya Busia upande wa Kenya. Mama wa Kiteso au wa Kisamia anayevuka kufuata chanjo, dawa au jamaa huhesabiwa upande mmoja na kukosekana upande wa pili. Kamati ya huku itaona watoto wasiomaliza chanjo, kumbe wamemalizia ng'ambo. Kamati ya kule itaona wagonjwa wengi kuliko wakazi. Mwaka 2020 mkato huo ulionekana waziwazi. Wakati matrela yamepanga foleni ya kilomita nyingi Malaba na Busia kusubiri vipimo vya korona, Uganda iliamua mwezi Mei kuwaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake ya kitaifa. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki kwa Kampala. Kwa miji ya mpakani, ambako dereva hulala, hula na kununua vocha, mtu aliyeondolewa kwenye hesabu hakuondoka mtaani.

Wapo watakaosema kwamba takwimu za afya ni siri ya mgonjwa na mali ya nchi, na kwamba mambo ya kitaalamu yaachiwe waganga. Kuhusu siri wana haki. Sheria za kulinda data za watu za nchi zote mbili ni za mwaka mmoja, 2019. Lakini kamati haihitaji jina la mtu hata mmoja. Inahitaji jumla: watoto walioharisha mwezi huu, waliokutwa na malaria kati ya waliopimwa, waliokosa chanjo ya surua, kaya zenye klorini kati ya zilizopimwa. Kuhusu mipaka ya nchi, kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinazitaka nchi wanachama zishirikiane katika kuzuia magonjwa ya kuambukiza, na Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinahimiza ushirikiano huo kati ya nchi na nchi. Ofisa wa afya wa wilaya na mwenzake wa kaunti wakipewa ruhusa ya wizara zao, jumla nne kwa mwezi hazivunji siri ya mtu yeyote. Na waganga hawanyang'anywi kazi. Mganga ndiye anayejua kwa nini malaria imepanda. Diwani ndiye anayejua ni mtaro upi uliozibwa na kibanda cha nani, na ndiye mwenye kura ya kuuzibua.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mzigo. Nambari haijiandiki. Kenya ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 Septemba 2023 na kuwapangia posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. VHT wa Rubongi, anayefanya kazi inayofanana kwa sehemu kubwa, kwa kawaida ni mtu wa kujitolea, na kumwongezea karatasi nyingine bila malipo ni dhuluma. Kwa hiyo sipendekezi fomu mpya. Uganda tayari ina ripoti ya kila mwezi ya kituo, HMIS 105, na Kenya ina ya kwake. Tena mfumo wa jamii wa Kenya una kitu ambacho ningependa kukiona kila gombolola upande wa Uganda: MOH 516, ubao wa chaki ambao kitengo cha jamii huandika hesabu zake ili kila apitaye asome. Kinachotakiwa ni kunakili nambari tatu kutoka kwenye ripoti iliyokwisha kujazwa, kuongeza ile ya klorini, na kuziandika katika safu mbili, Uganda na Kenya, kwenye ubao uliosimama mahali ambapo kamati hukaa, na kikao kisifunguliwe kabla hazijasomwa. Gharama ya kuanzia ni ubao, chaki, na nauli ya boda boda ya mtu mmoja kuvuka mara moja kwa mwezi akiwa na karatasi mfukoni.