Tuzo ya Hurston/Wright: Kalamu za Vijana Weusi
Tuzo ya Hurston/Wright ni shindano la uandishi kwa wanafunzi Weusi wa vyuo nchini Marekani. Huendeshwa na wakfu ulioanzishwa mwaka 1990 na Marita Golden, mwandishi wa riwaya, pamoja na Clyde McElvene. Jina lake huwaenzi waandishi wawili waliofariki mwaka 1960: Zora Neale Hurston, aliyekusanya ngano za Weusi wa Florida na kuipa hadhi lahaja yao, na Richard Wright, ambaye riwaya yake ya Native Son, ya mwaka 1940, ilianika ubaguzi wa rangi mjini Chicago. Wanafunzi hushindania hadithi na mashairi. Ushindi humthibitishia kijana kwamba maisha ya watu wake yanastahili kuandikwa, na kwamba kalamu ni nyenzo ya kudai haki.