Hitilafu za Postfix baada ya kubadili mipangilio

Postfix ni programu huria ya seva inayopokea na kusafirisha barua pepe kwenye kompyuta zenye Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix. Iliandikwa na Wietse Venema, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha IBM nchini Marekani. Ilitolewa kwa umma mwaka 1998. Seva iliyofanya kazi vizuri jana inaweza kukataa barua leo kwa sababu ya mstari mmoja uliobadilishwa katika mipangilio yake.

Aina za hitilafu

Seva ikisimama kabisa, kwa kawaida barua hazipotei mara moja. Seva ya mtumaji huziweka kwenye foleni na kujaribu tena. Postfix yenyewe, isipopangwa vingine, hujaribu kwa siku 5.

Hatari kubwa zaidi ni seva inayoendelea kufanya kazi huku ikijibu vibaya. Jibu linaloanza na tarakimu 4 humaanisha "jaribu tena baadaye". Jibu linaloanza na 5, kama vile 550, humaanisha kukataliwa moja kwa moja, na barua hurudishwa kwa mtumaji. Kwa hiyo orodha ya watumiaji ikiharibika, mwombaji wa kazi anaweza kuambiwa kwamba anwani aliyoandikia haipo, na mwajiri asijue kamwe kwamba aliandikiwa.

Vyanzo vya kawaida

Mipangilio mikuu imo katika mafaili mawili, main.cf na master.cf, ambayo kwa kawaida hukaa katika folda ya /etc/postfix. Makosa yanayotokea mara kwa mara ni haya:

* Jina la kigezo kukosewa herufi. Postfix huendelea kufanya kazi, lakini kigezo hicho hakina athari yoyote.
* Mstari kuanza na nafasi tupu. Postfix huuchukulia kuwa mwendelezo wa mstari uliotangulia.
* Kuhariri jedwali la aina ya hash bila kutumia amri ya postmap. Seva huendelea kusoma jedwali la zamani.
* Kubadili inet_interfaces na kutumia postfix reload tu. Kigezo hicho huhitaji Postfix isimamishwe na kuwashwa tena.
* Kupanua mno mynetworks. Wageni huweza kupitisha barua taka, na anwani ya IP ya seva ikaingizwa katika orodha za kuzuiwa.

Kutafuta na kurekebisha

Kabla ya badiliko lolote, msimamizi hutunza nakala ya mafaili ya zamani. Kisha anaweza kuweka soft_bounce = yes katika main.cf, ili majibu ya kukataa kabisa yageuzwe kuwa ya muda. Hivyo kosa huchelewesha barua badala ya kuzirudisha.

Amri ya postfix check hukagua makosa ya mipangilio na ruhusa za mafaili, na postconf -n huonyesha vigezo vilivyowekwa katika main.cf pamoja na maonyo kuhusu visivyotumika. Baada ya kupakia mipangilio upya, husomwa kumbukumbu za matukio: kwa kawaida /var/log/mail.log katika Debian na Ubuntu, au /var/log/maillog katika Red Hat. Mistari yenye neno fatal, error au warning ndiyo ya kuanza nayo. Barua za majaribio hutumwa kutoka ndani na nje ya mtandao.

Amri ya postqueue -p huonyesha barua zilizokwama kwenye foleni na sababu yake. Kosa likishaondolewa, postqueue -f huzijaribu tena. Kufuta foleni si matengenezo, kwani barua zilizofutwa hazirudi. Seva ikithibitishwa kuwa sawa, soft_bounce huondolewa, la sivyo watumaji waliokosea anwani watacheleweshewa taarifa ya kosa lao kwa siku kadhaa.