Ghala la mimea mikavu nalo lataka matunzo

MFANYABIASHARA wa nafaka wa Mkuyuni, jijini Mwanza, hahitaji kufundishwa hasara ya ghala bovu. Unyevu ukiingia, mahindi huota ukungu; dumuzi akiingia, hubaki unga. Lakini lipo ghala jingine ambalo mkulima hulitegemea bila kuliona. Nalo ni hebaria, mahali panapotunzwa mimea iliyokaushwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo hebaria yake, na ya taifa iko Arusha. Mmea hubanwa kati ya magazeti, hukaushwa, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu yenye maelezo: ulichumwa wapi, lini na nani.

Gugu geni linapozuka shambani, wataalamu hulilinganisha na sampuli hizo ili walitambue kwa uhakika. Jina likikosewa, dawa nayo hukosewa, na fedha ya mkulima hupotea. Kanda ya Ziwa inafahamu gharama ya mmea mgeni tangu magugu maji yalipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980.

Maadui wa hebaria ni walewale wa ghala. Kijidudu cha kahawia kinachotoboa tumbaku iliyohifadhiwa hula pia mimea hii. Zamani hebaria nyingi duniani zilitumia sumu ya zebaki, ambayo ni hatari kwa watumishi. Njia ya kisasa ni kufunga sampuli ndani ya mfuko wa plastiki na kuzigandisha kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa wiki moja hadi mbili. Kisha huwekwa kwenye makabati ya chuma yanayofunga barabara, katika chumba kikavu.

Kompyuta ije baada ya hapo. Picha za sampuli zikiwekwa kwenye intaneti, ofisa ugani wa Mwanza ataziona bila kulipa nauli. Lakini picha haiwezi kuchukua nafasi ya sampuli iliyoliwa na wadudu.

Kiuchumi, hapo ndipo penye uzito. Gunia likiharibika, msimu ujao utavuna jingine. Sampuli iliyochumwa katika msitu ambao leo ni mashamba hainunuliki kwa bei yoyote. Ndiyo maana fedha za matunzo zinapaswa kutengwa kila mwaka, si kungoja mfadhili.

Nawe mkulima, ukiona gugu usilolijua, kata tawi lenye majani na maua, libane kwenye gazeti, andika mahali na tarehe, kisha umpelekee ofisa ugani.