Suti ya Kunasa Mwendo Haina Uzito Ndani Yake

Wahuishaji wamechoshwa na swali lile lile: suti ya kunasa mwendo inauzwa bei gani? Anayeuliza ameshajiaminisha kwamba akimvisha mwigizaji suti yenye vitambuzi, mhusika wa kwenye kompyuta atatembea kama binadamu, na kazi ya kupanga mwendo fremu kwa fremu imekwisha. Haijaisha.

Suti hurekodi viungo viko wapi na vinazunguka vipi, basi. Ni kweli kwamba hilo peke yake lina nguvu. Mwaka 1973 Gunnar Johansson, mwanasaikolojia wa Sweden, aliwaonyesha watu nukta chache zinazong'aa kwenye viungo vya mtu asiyeonekana gizani, nao wakatambua upesi kwamba huyo ni mtu anayetembea. Wauzaji wa suti wangeupenda ushahidi huu, lakini unawageukia: jicho linalomtambua mtu kwa nukta chache litalikamata pia kosa dogo. Hamishia mwendo wa mwigizaji mwembamba kwa mhusika mwenye kitambi na miguu mifupi uone. Nyayo zinateleza kana kwamba sakafu imemwagiwa sabuni, na mkono ulioshika kiuno unazama tumboni. Au mpe mwigizaji ndoo tupu aibebe. Bega halishuki, kiwiliwili hakiegemei upande wa pili, na mtazamaji atajua ndoo ni tupu hata ukiichorea maji mpaka yafurike.

Novemba 2004 jambo hili lilipimwa hadharani. The Polar Express ya Robert Zemeckis ilinasa mwili na uso wa Tom Hanks, na wahakiki wengi wakalalamikia macho yasiyo na uhai. Siku chache kabla yake ilitoka The Incredibles ya Pixar, iliyohuishwa kwa mkono, yenye watu waliotiwa chumvi waziwazi, na ndiyo iliyotwaa Oscar ya filamu ya uhuishaji. Watatokea wa kusema: mbona Gollum, yule kiumbe wa kompyuta? Katika The Two Towers ya 2002 mwigizaji Andy Serkis alitoa sauti na mwendo mwingi wa mwili, ila uso ule ulihuishwa na wahuishaji kwa mkono wakimtazama yeye. Avatar ya 2009 iliweka kamera ndogo mbele ya nyuso za waigizaji, na bado data ilipita mikononi mwa wahuishaji. Aliyeona filamu hizo akahitimisha kwamba mashine ilifanya yote hakusubiri majina ya mwisho.

Sasa uchaguzi. Mhusika mwenye umbo la kibinadamu na miondoko mingi, kama wachezaji wa soka wa michezo ya kompyuta: nasa, na utenge muda wa kusafisha data na kuzifunga nyayo sakafuni. Mnyama au mtu aliyetiwa chumvi: fremu kuu kwa mkono, huku ukijirekodi kwa simu upate kielelezo. Nguo, nywele na maji: simulesheni, usijitese. Umati: programu za aina ya Massive, iliyoundwa kwa ajili ya vita vya The Lord of the Rings. Huna fedha? Blender ni bure, na programu zinazochota mwendo kwenye video ya kawaida zinafaa kwa rasimu, mradi ukague vidole na nyayo kabla mteja hajaviona.