Kalinzi: Kompyuta Ileile, Mfumo Mwingine

Barabara ya lami inayotoka Kigoma mjini kwenda Manyovu, mpakani na Burundi, hupanda kwenye vilima vya migomba na kahawa, na Kalinzi iko hukohuko juu. Watu wa mbali wanaijua kwa kahawa yake ya arabika, inayouzwa kupitia vyama vya ushirika vilivyo chini ya Kanyovu. Lakini siku hizi hata kahawa haiendi bila karatasi, na karatasi haiendi bila kompyuta. Orodha ya wakulima na kilo zao, barua ya kuomba kazi, maombi ya mkopo wa mtoto anayekwenda chuo, picha ya pasipoti, kadi ya mchango wa harusi: vyote hivyo vinapita steshenari kabla ya kufika vinakokwenda.

Kompyuta zenyewe mara nyingi ni za mtumba. Ni HP EliteBook au Dell Latitude iliyomaliza utumishi wake katika ofisi ya Ulaya au Uarabuni, ikafika Dar es Salaam, ikanunuliwa, fundi akaipiga Windows 10 na maisha yakaendelea. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Watu binafsi waliojiunga na mpango wa nyongeza walisogezewa mwaka mmoja tu. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Kilichokoma ni kazi isiyoonekana ya kuziba matundu ambayo virusi hupenyea, na steshenari inayochomekwa flashi za wateja kuanzia asubuhi hadi jioni ndiyo inayoyahitaji zaidi masasisho hayo.

Kuhamia Windows 11 si jambo la kubonyeza tu. Tangu ilipotoka Oktoba 2021, inadai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. EliteBook ya mwaka 2014 ina nguvu ya kutosha kuandika barua, lakini haimo kwenye orodha. Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu: anunue nyingine, abaki alipo na kuomba Mungu, au aiwekee mashine ileile mfumo endeshi mwingine, kama Linux.

Njia hii ya tatu ndiyo inayoogopwa kuliko zote, na hofu yenyewe haitokani na bei. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, inapatikana bila malipo na bila wizi wa leseni. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake maarufu, ilizinduliwa mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Linux Mint, inayompokea vizuri mtu anayetoka Windows, ilifuata mwaka 2006. Hata Tanzania ina historia yake humo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kinachowatisha watu ni kurudi darasa la kwanza. Mtu aliyesifiwa miaka kumi kwamba anajua kompyuta hapendi kuonekana mbele ya wateja akitafuta mahali pa kubonyeza.

Tuseme ukweli: wengi wetu tulichofundishwa kwenye kozi ya miezi mitatu ni mahali vitu vilipo. Bonyeza hapa kushoto chini, kisha hapa, kisha hapa. Hayo ni maarifa, lakini ni maarifa ya chumba kimoja. Anayehama mfumo ni kama mpishi aliyeingia jikoni kwa jirani: kupika anajua, ila chumvi hajui iko wapi.

Habari njema ni kwamba jiko la Linux Mint limepangwa kwa kumfikiria mgeni. Menyu iko kushoto chini. Kitufe chenye nembo ya Windows kwenye kibodi kinaifungua vilevile. Ctrl na C hunakili, Ctrl na V hubandika, Ctrl na Z hutengua. Kivinjari cha Firefox kiko tayari, na hapo ndipo nusu ya kazi za steshenari zinapofanyikia, kwa sababu maombi ya mikopo ya HESLB, Ajira Portal na mfumo wa MUVU unaotumiwa na vyama vya ushirika vyote hufunguliwa ndani ya kivinjari. Mifumo hiyo haihitaji Windows. Inachohitaji ni bando.

Tofauti zinazosumbua ni chache, na kila moja ina sababu yake. Kwanza, hakuna diski C. Kila kitu kiko ndani ya mti mmoja wa folda, na kila mtumiaji ana folda yake binafsi yenye sehemu za nyaraka, picha na vitu vilivyopakuliwa. Flashi ikichomekwa hujitokeza pembeni mwa dirisha la mafaili. Pili, kwenye diski ya kompyuta herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja: “Wakulima” na “wakulima” ni mafaili mawili. Karani asiyelijua hilo anaweza kujikuta na orodha mbili za msimu mmoja.

Tatu, programu hazitafutwi ovyo mtandaoni. Faili la Windows linaloishia na exe halitafunguka, na hilo ndilo jambo linalowakera wageni siku ya kwanza. Badala yake kuna ghala moja, unatafuta jina la programu, unabonyeza kusakinisha, mfumo unauliza nywila. Nywila hiyo si usumbufu. Ndiyo inayozuia programu yoyote kujiingiza kwenye mfumo bila wewe kujua. Nne, usichomoe flashi kabla ya kubonyeza alama ya kuitoa. Linux huweza kuonyesha kwamba kunakili kumekwisha ilhali sehemu ya data bado iko kwenye kumbukumbu ya muda, na mwenye haraka huondoka na faili nusu.

Kisha kuna zawadi ambayo steshenari yoyote itaithamini. Kila mwenye flashi anakijua kile kirusi kinachoficha mafolda na kuacha vijialama vya “shortcut” mahali pake. Kwenye Windows mteja huona kazi yake imepotea. Kwenye Linux kirusi hicho hakifanyi kazi, na mafolda yaliyofichwa kwa kawaida yanaonekana wazi, tayari kunakiliwa. Tahadhari ni moja: faili lenye kirusi lisilokudhuru wewe bado linaweza kumdhuru mteja akirudi nalo kwenye kompyuta yake, kwa hiyo lifute.

Kwa upande wa nyaraka, LibreOffice, programu ya ofisi iliyomo tayari kwenye Mint, hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Kanuni za SUM na VLOOKUP ni zilezile. Kama Times New Roman haimo, huwekwa Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo barua ya ukurasa mmoja haivuki kwenda wa pili. Cha kukumbuka ni kuchagua aina ya docx au xlsx unapohifadhi kazi ya mtu mwingine, na kumpa PDF anayetaka kuchapa tu.

Lakini mambo mengine hayaendi, na mwandishi anayeyaficha anamdanganya msomaji wake. Kadi nyingi za harusi mitaani hutengenezwa kwa Publisher, na Publisher haipo kwenye Linux. LibreOffice Draw huyafungua mafaili yake, mara nyingine yakiwa yamepinda, wala haiwezi kuyahifadhi kwa aina ileile. Hata hivyo Microsoft imetangaza kuiacha Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo watengeneza kadi wana safari mbele yao hata wasipohama. Photoshop nayo haiji. Kuna GIMP, inayokata na kusafisha picha ya pasipoti vizuri, ila vitufe vyake vinahitaji subira. Printa za HP kwa kawaida hutambuliwa mara moja, za kampuni nyingine huenda zikahitaji kutafutiwa viendeshi. Steshenari yenye kompyuta mbili ifanye la busara: moja ihame, ya pili ibaki na kazi hizo.

Wanaodhani watu wa vijijini hawawezi kuuzoea mfumo mgeni wateremke tu upande wa magharibi, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Gombe na Ziwa Tanganyika. Taasisi ya Jane Goodall, ambaye alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 kufanya kazi na vijiji vya jirani, na wakulima wa kahawa wa Kalinzi wamo katika habari hiyo. Mwishoni mwa muongo wa 2000 wafuatiliaji wa misitu wa vijiji walianza kupewa simu za Android zenye ODK, programu ya kujazia fomu. Wakati huo Android ilikuwa mpya hata mijini, kwani simu ya kwanza ya mfumo huo iliuzwa mwaka 2008. Wanakijiji wakaingia msituni nazo, wakijaza fomu swali baada ya swali: hapa pamekatwa mti, hapa pana mtego, hapa pana dalili za sokwe. Simu iliongeza picha na mahali ilipopigwa, ikatunza kumbukumbu hadi mtandao upatikane. Walichokuwa nacho tangu mwanzo ni ujuzi wa msitu, na mfumo ukaja kuutumikia. Na moyo wa Android, kwa taarifa ya wanaoiogopa Linux, ni Linux. Mwenye Tecno ya Android mfukoni ameshahama zamani.

Somo la kuchukua hapo ni la walimu na mafundi. Usimfundishe karani menyu zote. Mpe kazi anayoijua: afungue orodha ya wakulima, ajumlishe kilo, ahifadhi, ainakili kwenye flashi, aitume kwa barua pepe, aichape. Akiimaliza kazi hiyo mara chache, misingi imeingia bila kuitwa misingi: mafaili yako wapi, programu inafungukaje, mtandao unaunganishwaje, printa iko wapi. Amri za kuandika kwenye dirisha jeusi zinaweza kusubiri mwaka mzima.

Na hakuna haja ya kuruka bila kupima kina. Faili la Linux Mint lina ukubwa wa GB 3 hivi. Lipakuliwe mjini au kwa bando la usiku, lichomwe kwenye flashi isiyo na kitu cha thamani kwa programu ya Rufus, kisha kompyuta iwashwe huku ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu printa, waya wa intaneti, sauti, na orodha ya wakulima. Kikigoma chochote, zima, chomoa, Windows yako iko palepale. Vikikubali vyote, nakili kazi zako zote pembeni kabla ya kusakinisha, na uchague wiki isiyo na foleni. Msimu wa kahawa si wakati wa kujifunza, wala wiki ya mwisho ya maombi ya mikopo.

Kompyuta ya mtumba iliyofika hadi Kalinzi imeshatumika na wengine ikaachwa. Kuitupa mara ya pili kwa sababu ya tarehe iliyopangwa Marekani ni hasara isiyo ya lazima kwa kijiji kinachohesabu kila kilo ya kahawa.