Benchi la Mabibi wa Harare

Benchi la Urafiki ni huduma ya afya ya akili iliyoanzia Mbare, mtaa wa walalahoi jijini Harare, Zimbabwe, mwaka 2006. Mwanzilishi wake, Dixon Chibanda, alikuwa miongoni mwa madaktari wachache mno wa akili katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 10. Hakupata wauguzi wala chumba. Alipewa mabibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii, na nafasi nje ya zahanati.

Mabibi hao hufunzwa kwanza. Mgonjwa huulizwa maswali 14 ya ndiyo au hapana, kisha huketi na bibi benchini hadi mara sita. Bibi hatakiwi kumwaga nasaha. Kazi yake ni kumsaidia mgonjwa ataje shida zake zote, achague moja, na atafute mwenyewe hatua ya kuikabili. Kwa mzee aliyezoea kufuatwa kwa ushauri, si kazi rahisi.

Matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya walioketi benchini, na kwa nusu ya waliopata huduma ya kawaida.

Na mabibi wenyewe? Wengi wao wamezika watoto na kulea yatima wa UKIMWI, hivyo ilitarajiwa kwamba vilio vya wengine vingewaelemea. Walipohojiwa, walisema kazi hiyo huwapa sababu ya kuishi, na kwamba mbinu za benchini huwafaa hata nyumbani kwao.

Hilo linaafikiana na jaribio dogo la Vancouver, Kanada, lililochapishwa mwaka 2008. Washiriki walipewa dola 5 au 20, wengine wajinunulie kitu, wengine wazitumie kwa ajili ya wenzao. Jioni, waliozitumia kwa ajili ya wenzao walikuwa na furaha zaidi, na ukubwa wa kiasi haukuleta tofauti.

Hata hivyo, si kila kujitoa humjenga mtoaji. Anayemuuguza ndugu usiku na mchana, bila hiari wala wa kumpokea, mara nyingi huchoka hadi akaugua naye. Mabibi wa Harare wana mafunzo, vikao vyenye kikomo, na wasimamizi wa kuwaendea mzigo unapozidi. Anayeuguza peke yake nyumbani hana hata kimoja.